Jiwe Lililopoteza Mpangilio Wake: Kutoka Norway hadi Sukulu

Anayesafiri kwa teksi kutoka Mbale kwenda Tororo huuona kwanza mwamba mkubwa wa mji ule. Akiuliza, ataonyeshwa pia vilima vya Sukulu, ambavyo wenyeji huviita Osukuru. Sisi wa huku tumezoea kuvitaja kwa ajili ya mbolea. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Tororo kilitumia fosfeti ya vilima hivyo, kikasimama mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2018 kampuni ya Guangzhou Dongsong ya China ilizindua kiwanda kingine palepale. Lakini ndani ya udongo huo mwekundu mna pia punje za pirokloro, madini yenye niobi, na ndizo zilizonivutia kuandika insha hii. Ndugu za jiwe hilo wamo katika mjadala wa dunia kuhusu mahali pa kuweka taka za nyuklia.

Pirokloro ilielezwa kitaalamu mwaka 1826, kutokana na mawe ya Norway. Ni fuwele, yaani atomu zake zimepangwa kwa safu kama matofali ya fundi hodari, na katika safu hizo urani na toriamu hupata nafasi ya kukaa. Hapo ndipo taabu huanza.

Kabla ya hapo, mwaka 1815, mkemia Berzelius wa Sweden alipasha moto jiwe liitwalo gadoliniti, likawaka ghafla kwa mwanga wake lenyewe. Mwaka 1893 Brøgger wa Norway aliyapa mawe ya namna hiyo jina la metamikti: kwa nje yana pembe na nyuso za fuwele, ndani hayana mpangilio, ni kama kioo. Wote wawili hawakuweza kujua sababu, kwa kuwa Becquerel aligundua mionzi ya urani mwaka 1896 tu. Ni Hamberg, mwaka 1914, aliyesema kwamba jiwe lilikuwa limejipiga lenyewe kutoka ndani.

Linajipigaje? Atomu ya urani au plutoni inapovunjika hutupa chembe ya alfa. Mtu angedhani chembe hiyo ndiyo mharibifu mkuu, kumbe hupita mbali ikigusa atomu chache. Kiini kizito kinachobaki ndicho kinachorudi nyuma, kama bunduki inavyompiga bega anayeifyatua, na katika safari fupi mno husukuma maelfu ya atomu kutoka mahali pake. Nyingine hurudi, nyingine hazirudi. Miaka ikipita jiwe huvimba, na maji hulimumunya kwa urahisi zaidi. Likipashwa moto, atomu hujipanga upya na kutoa nishati iliyokuwa imefungwa. Huo ndio mwanga alioushangaa Berzelius.

Mwaka 1978 Ringwood, mwanajiolojia wa Australia, alipendekeza taka kali za nyuklia zifungwe ndani ya mwamba wa kutengenezwa badala ya kioo. Aliuita Synroc. Mojawapo ya madini yake ni zirkonoliti, jamaa wa karibu wa pirokloro. Hoja yake ilikuwa ya kihistoria, na ndiyo maana naipenda: yapo mawe ya asili yaliyoishika urani yake kwa mamilioni ya miaka, basi tuyaige.

Pigo kwa matumaini ya namna hiyo lilikuja mwaka 2007. Farnan wa Cambridge na wenzake walipima zirkoni, jiwe jingine lililotarajiwa kubeba plutoni, wakaona kila mvunjiko husogeza atomu zipatazo 5,000, zaidi sana ya makadirio ya awali. Zirkoni yenye asilimia 10 ya plutoni ingepoteza mpangilio wake wote baada ya miaka 1,400 hivi, ilhali ilitakiwa kudumu miaka 241,000. Hata hivyo, kupoteza mpangilio si sawa na kuvuja. Mawe mengi ya metamikti bado yana urani yake. Tena aina ya jiwe ina uzito: pirokloro iliyotengenezwa kwa titani huharibika mapema, ile ya zirkoniamu hustahimili zaidi.

Kwetu jambo hili halipo mbali. Serikali imechagua Buyende, upande wa Busoga, kwa kinu cha kwanza cha umeme wa nyuklia, na mwaka 2023 ilitaja 2031 kuwa mwaka wa megawati 1,000 za mwanzo. Ninayoyasikia yakizungumzwa ni umeme, ajira na mashamba yatakayochukuliwa. Plutoni ya kinu hupungua nusu kila baada ya miaka 24,100. Swali la jiwe litakaloibeba, na ardhi ya nani litalazwa, laweza kuulizwa sasa, kabla msingi haujachimbwa.