Pembe kabla ya frasila: wachongaji wa Maniema mwanzoni mwa karne ya 19

Ukitaja Kasongo, mji wa Maniema, mashariki ya Kongo, wengi humkumbuka Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na wana sababu. Yeye, Hamed bin Muhammed el-Murjebi kwa jina lake halisi, aliweka makao yake huko katikati ya miaka ya 1870, na mji haukuanguka mpaka Aprili 1893, ulipotekwa na jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo. Lakini sanaa ya Maniema haikuja na misafara. Mvumbuzi Livingstone alipoingia Kabambare, aliyoiandika Bambarre, Septemba 1869, watu wa pwani walikuwa bado wageni katika nchi hiyo. Miaka 50 kabla yake, wachongaji wa huko walikuwa kazini bila kumjua Mwarabu wala Mzungu.

Upande wa Kabambare, Wabuyu walichonga miti kuwakumbuka wazee wa ukoo. Sanamu husimama wima, ndevu zimechongwa kwa mistari, mikono imekunjwa kando ya tumbo, na macho ni makubwa yenye kope zilizokaribia kufumba. Si picha ya mtu yeyote tu: ni babu fulani, mwenye jina lake, na wajukuu walijua yupi ni yupi.

Kaskazini, kwa Warega wa Pangi na Shabunda, mambo yalikwenda vingine. Kilichotawala huko ni bwami, chama cha ngazi nyingi ambacho mtu hupanda kwa mali, kwa mwenendo mwema na kwa msaada wa ndugu zake. Wa ngazi ya yananio walikuwa na barakoa ndogo ya mti iitwayo lukwakongo, uso umepakwa udongo mweupe na kidevuni zinaning'inia ndevu za nyuzi. Pembe ya ndovu ilikuwa ya wakubwa wa kindi, ngazi ya juu kabisa. Wao walimiliki lukungu, barakoa ya pembe, na iginga, sanamu ya mtu iliyojaa vitone ndani ya viduara.

Barakoa hizi hazikuvaliwa usoni tu kama wengi wanavyodhani. Zilifungwa mkononi au kwenye paji la uso, zilitundikwa uani, nyingine ziliburutwa chini kwa kushikwa ndevu, na kila kitendo kilikuwa na methali yake na ngoma yake. Sanamu yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, ilimfundisha mwanafunzi kwamba mwenye hekima huona pande zote. Baada ya shughuli vitu vilipakwa mafuta, vikarudishwa mkobani. Ile rangi ya asali tunayoiona leo kwenye pembe imetokana na miaka mingi ya mafuta na viganja vya watu.

Kisha pembe ikapata bei. Zanzibar ilikuwa ikiuza kwa Wahindi, kwa Waingereza na kwa Wamarekani wa Salem, ambao serikali yao ilifunga mkataba na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833. Baadaye viwanda vya Connecticut vilikata pembe kutengeneza vibonye vya piano. Kitu ambacho Mrega alikipata baada ya miaka ya kupanda ngazi sasa kikapimwa kwa frasila, kilo kama 16 hivi, na watu wakabebeshwa mizigo hiyo hadi pwani. Kwa maoni yangu, hilo ndilo badiliko kubwa la sanaa ya Maniema katika karne ile, kubwa kuliko mtindo wowote wa kuchonga.

Wakoloni walimaliza kilichobaki. Mwaka 1948 Wabelgiji waliupiga bwami marufuku. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alipofanya utafiti kwa Warega miaka michache baadaye, alikuta wazee wanaoweza kueleza kila kitu kimoja kimoja, na maelezo yao ndiyo msingi wa kitabu chake cha 1973. Vitu vyenyewe vingi viko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na ya Marekani, kibandiko kikisema "karne ya 19 au 20", na mchongaji hatajwi.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu Pangi, Kasongo au Kabambare yupo mzee anayezijua methali hizi, mrekodi kwa simu mwezi huu.