Mto Ruzizi Waingia au Watoka? Historia ya Udaktari kwenye Ufuko Wetu



Mwezi wa Aprili mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walibeba swali lililowahangaisha wanajiografia wa Ulaya: Mto Ruzizi, ulioko ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, waingia ziwani au watoka? Kama watoka, huenda ndio ungekuwa mwanzo wa Mto Nili. Speke alikuwa amekwisha kuambiwa na mfanyabiashara mmoja Mwarabu kwamba mto huo hutoka ziwani. Hapa Uvira, wana wa mtawala wa mahali waliwajibu kwa kauli moja kwamba Ruzizi huingia. Wapiga makasia wakakataa kuendelea mbele kwa hofu ya vita, na wageni wale wakarudi Ujiji bila kuuona mdomo wa mto.

Ikapita miaka 13. Mwezi wa Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika mdomoni kwa mtumbwi, wakashuhudia maji yakiingia ziwani. Swali likafungwa. Mnamo 1874 Verney Lovett Cameron akauona Mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, ambao ndio njia ya maji kutoka. Majina ya watu hao yameandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Majina ya wale wana wa Uvira waliosema kweli tangu mwanzo hatuwezi kuyasoma popote katika vitabu vya shule.

Kila tunapowasimulia vijana habari hii, hucheka na kusema: “Si wangemwuliza mvuvi?” Lakini walimwuliza! Na mvuvi alijibu sawasawa. Tatizo ni kwamba majibu yalikuwa mawili, moja la Mwarabu na moja la wenyeji, na yote mawili yalikuwa maneno matupu masikioni mwa wageni. Ili kuamua kati yake ilihitajika mtu aende, aone, apime, aandike, kisha asimame mbele ya wenye mashaka na kujibu maswali yao. Wazee wetu walikuwa na kweli, lakini hawakuwa na kiti katika baraza ambamo kweli hiyo ilijadiliwa. Tunapenda kuwaonyesha leo kwamba masomo ya udaktari ni njia ya kukifikia kiti hicho, na kwamba historia ya njia hiyo imepita hapa hapa kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wetu wakisikia “daktari” humfikiria mganga wa hospitali. Hata hivyo, katika Kilatini “doctor” maana yake ni mwalimu. Ndiyo sababu Kanisa, likizungumza Kiswahili, halisemi “madaktari wa Kanisa” bali “Walimu wa Kanisa”. Mwaka 1970 Papa Paulo VI aliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyepata kuketi katika darasa la chuo kikuu.

Baadhi ya vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya vilikua katika malezi ya shule za makanisa makuu. Aliyehitimu alipewa ruhusa ya kufundisha, kwa Kilatini “licentia docendi”, na kutoka hapo limezaliwa neno “licence” ambalo Wakongomani tumelizoea. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano uliagiza kila kanisa kuu liwe na mwalimu wa kuwafundisha bure wakleri na wanafunzi maskini. Tena ukakataza mtu yeyote kudai fedha kwa ajili ya ruhusa ya kufundisha, au kumnyima ruhusa hiyo mtu anayestahili. Agizo hilo lina zaidi ya miaka 800, na mwanafunzi anayeombwa bahasha ili kazi yake isomwe anajua kwamba bado halijazeeka.

Katika nchi yetu mlango huo ulifunguliwa kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954 karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, kikiwa mtoto wa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Lakini miezi michache kabla ya siku hiyo, mwezi wa Januari, Lovanium ilishuhudia jambo la kukumbukwa. Mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alisimama hadharani na kujadiliana na mkuu wa kitivo chake, padre Alfred Vanneste, juu ya swali hili: je, yaweza kuwako teolojia ya Kiafrika? Mwanafunzi alisema yawezekana; mwalimu alitilia shaka. Hawakutukanana, wala mwanafunzi hakufukuzwa. Tshibangu aliendelea na masomo huko Louvain, akapata huko shahada ya juu kabisa ya teolojia, na baadaye akawa mkuu wa Lovanium, kisha askofu wa Mbuji-Mayi. Katika tukio hilo mnaona moyo wa udaktari: kutetea wazo mbele ya anayejua kuliko wewe, kwa hoja na kwa heshima.

Sasa turudi ziwani kwetu. Mnamo 1946 na 1947 msafara wa Wabelgiji, ambamo alikuwamo mtaalamu wa samaki Max Poll, ulilizunguka Ziwa Tanganyika ukikusanya viumbe vyake, na mikusanyo hiyo ikapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1947 huohuo Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti ya Afrika ya Kati iliyojulikana kwa herufi IRSAC. Makao yake makuu yakawa Lwiro, karibu na Bukavu, na Uvira ikapata kituo cha kuchunguza ziwa. Katika miaka ya 1950 Georges Marlier alifanya kazi katika kituo hicho na kuandika juu ya maji na viumbe wa ziwa. Kituo hicho ndicho mzazi wa Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, kile ambacho wenyeji wa Uvira hukiita CRH.

Kwa muda mrefu ziwa letu lilikuwa shamba ambalo mavuno yake yaliliwa mbali. Hali ilianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walipokuja Uvira na kufanya kazi bega kwa bega na watafiti wa Kongo. Walipiga mbizi kwenye miamba ya pwani na kuwatazama samaki mahali wanapoishi. Mwaka 1985 jina la Muderhwa Nshombo lilionekana katika jarida la Kijapani la elimu ya samaki, likitangulia majina ya Wajapani wawili, juu ya samaki anayekula magamba ya wenzake. Mwaka 1986 Mukwaya Gashagaza alichapisha, pamoja na Mjapani mmoja, utafiti juu ya chakula cha samaki wa aina sita. Hatimaye jina la mtu wa Kongo lilikuwa limeketi barazani.

Huyo mla magamba anastahili maneno machache zaidi, kwa kuwa anafundisha maana ya subira. Mdomo wake umepinda. Wengine unafunguka kulia, nao huwavamia wenzao ubavuni kushoto. Wengine unafunguka kushoto, nao huvamia kulia. Michio Hori aliwahesabu samaki hao mwaka baada ya mwaka, kwa muda wa miaka 10 hivi. Akagundua kwamba wa kulia wakizidi, mawindo hujifunza kulinda ubavu wa kushoto, na hapo wa kushoto hupata nafasi. Kisha mambo hugeuka. Hivyo pande hizo mbili hubaki zikikaribia nusu kwa nusu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1993 katika jarida la Science la Marekani. Samaki wa kiganja kimoja, ambaye mvuvi wetu angemtupa, aliwafundisha wataalamu wa dunia jinsi uumbaji unavyojisawazisha. Lakini asingefundisha lolote kama mtu asingemhesabu kwa miaka hiyo yote.

Kutokana na mfano huo, hatua za udaktari zinaeleweka kwa urahisi. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya graduat, miaka 2 ya licence, kisha masomo ya DEA ya kujifunza utafiti, na ndipo akaanza tasnifu ya udaktari. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia kwa jumla katika mfumo wa LMD: licence miaka 3, master miaka 2, na udaktari kwa miaka 3 au zaidi, chini ya shule za udaktari.

Majina ya shahada hubadilika, lakini kazi yenyewe haikubadilika sana. Kwanza mwanafunzi hutafuta swali ambalo bado halina jibu la hakika. Husoma yote yaliyoandikwa juu yake, ili asije akagundua tena Ruzizi. Huandika mpango wa utafiti na kuuwasilisha mbele ya kamati, ambayo yaweza kumrudisha mezani. Huenda uwanjani na daftari lake. Huhudhuria semina na makongamano, akiwasilisha kazi ambayo haijaiva, kwa maana ni afadhali kosa lionekane mapema. Huchapisha makala ili wasiomjua waipime. Mwishoni hutetea tasnifu hadharani mbele ya waamuzi, na yeyote aweza kuingia na kusikiliza. Kila hatua ni kituo cha kuulizwa: unajuaje? Anayeruka vituo hivyo, au anayenunua karatasi, amejinyima jambo lenyewe alilolifuata.

Mtasema: samaki na mito yatusaidia nini sisi tunaochota maji kwa madumu? Sikilizeni basi mfano wa karibu zaidi. Akina mama wa Uvira wamesema siku zote kwamba bomba likikauka, kolera yabisha hodi. Mwaka 2015 mtafiti Aurélie Jeandron wa shule ya afya ya London, pamoja na wenzake wakiwamo Wakongomani, alichapisha uchunguzi juu ya jambo hilo. Walichukua daftari la wagonjwa wa kituo cha kolera cha Uvira kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, wakaliweka kando ya daftari la mtambo wa maji. Waliona kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera, kulinganisha na siku ambayo maji yalitosha. Walikadiria kwamba asilimia 23 ya wagonjwa wote walitokana na upungufu wa maji ya bomba. Kolera ya Uvira ilikuwa pia somo la tasnifu ya udaktari ya mtafiti huyo.

Tazameni jinsi Ruzizi unavyojirudia. Akina mama walijua, kama wana wa Uvira walivyojua mwaka 1858. Lakini neno la mama kando ya bomba halikuweza kuingia katika chumba ambamo fedha za mabomba hugawanywa, tarakimu ziliweza. Na tarakimu hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwa wauguzi na mafundi wa hapa Uvira, walioandika kila siku, bila kujua kwamba siku moja daftari lao lingesomwa London. Muuguzi anayeandika tarehe sawasawa ni mshiriki wa tasnifu ambayo hataisoma kamwe.

Hatufichi ugumu. Mwezi wa Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, na vingine vikafuata mwaka 1998. Wajapani waliendelea na uchunguzi wao upande wa Mpulungu, Zambia. Mwezi wa Aprili 2020 mafuriko yalibeba nyumba na watu katika mji wetu, na tangu hapo tumeona ziwa likipanda hadi kwenye vizingiti vya milango. Mwanafunzi wa udaktari katika nchi hii mara nyingi hufundisha mchana ili alishe jamaa yake, na husoma usiku kama umeme upo. Wapo walioanza wakiwa vijana na kutetea tasnifu wakiwa na mvi. Wapo walioishia njiani, nasi hatuwahukumu.

Hata hivyo, maswali yanayotungoja ni yetu. Kwa nini ziwa linapanda? Ndagala na mukeke wanapungua kwa kiasi gani, na kwa sababu gani? Lugha ya Kivira itaandikwa na nani kabla wazee hawajatuacha? Wageni wema watakuja kutusaidia kuyajibu, nasi tutawakaribisha. Lakini tungependa safari hii wana wa Uvira wasiishie kuwa sauti isiyo na jina ufukweni. Si kila kijana ataitwa kwenye udaktari. Kila kijana, lakini, aweza kuanza na hatua yake ya kwanza, ambayo haina karo: kununua daftari, kuchagua jambo moja analoliona kila siku, na kuliandika kwa uaminifu pamoja na tarehe yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni jambo gani wazee wa mtaa wetu wanalijua kwa hakika, lakini halijaandikwa popote? Nani kati yetu atakwenda kuwasikiliza?

2. Tunapoulizwa “unajuaje?”, je, tunakasirika au tunashukuru? Kwa nini?

3. Kikundi chetu chaweza kuhesabu na kuandika nini kwa muda wa mwaka mmoja: siku za maji bombani, kimo cha ziwa, au bei ya ndagala sokoni? Chagueni moja, mteue mwandishi, na mwanze wiki hii.