Upimaji wa umahiri wa wauguzi katika dharura ya afya

Upimaji wa umahiri wa wauguzi katika dharura ya afya ni utaratibu wa kubaini kazi ambazo muuguzi anaweza kuzifanya kwa usalama pale wagonjwa wanapofurika na wauguzi wazoefu hawatoshi. Kwa kawaida kazi hiyo huenda taratibu: mtihani, mafunzo ya wodini, kuhuisha leseni. Dharura huibana ndani ya siku chache, pengine zamu moja. Mfano wake uliorekodiwa kwa kina ni wa Uingereza wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020.

Misingi

Mtihani wa vitendo wa OSCE, ambamo mtahiniwa hupita kituo hadi kituo, ulielezwa na Ronald Harden wa Dundee mwaka 1975. Mwaka 1984 Mmarekani Patricia Benner alipanga ngazi 5 za uuguzi, kuanzia mwanagenzi hadi bingwa. Alisisitiza kwamba muuguzi aliyebobea, akihamishiwa kwa wagonjwa wa aina asiyoizoea, anaweza kurudi kwenye uanagenzi.

Uingereza, 2020

Sheria ya Virusi vya Korona iliidhinishwa tarehe 25 Machi, na siku 2 baadaye Baraza la Uuguzi na Ukunga likafungua rejista ya muda. Waliotangulia kuingizwa ni wauguzi walioacha rejista ndani ya miaka 3 iliyopita. Baadaye wakaongezwa walioacha muda mrefu zaidi, pamoja na wauguzi waliosomea nje ya nchi ambao walibakiza OSCE peke yake. Makundi haya ya nyongeza yaliwekewa sharti la kufanya kazi chini ya muuguzi wa rejista ya kudumu. Ada haikutozwa.

Hatua hiyo ilikuwa ya haraka na ya busara, lakini ilijibu swali jepesi zaidi: nani aruhusiwe kuvaa sare. Kama mwenye sare anaweza kumfyonza makohozi mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, au kubadilisha dawa ya kupandisha presha bila presha hiyo kuporomoka, rejista haikusema. Mzigo huo uliangukia kwa muuguzi mfawidhi wa zamu.

Mgonjwa mahututi aliye kwenye mashine ya kupumulia nchini humo hupewa muuguzi wake mwenyewe. Machi 2020 kiwango kililegezwa hadi muuguzi 1 wa wodi ya wagonjwa mahututi (ICU) kwa wagonjwa 6, akisaidiwa na wenzake kutoka wodi nyingine na vyumba vya upasuaji. Upimaji ukageuka kuwa ugawaji wa kazi. Aliyetoka chumba cha upasuaji alikabidhiwa njia ya hewa, wa wodi ya kawaida akabaki na usafi wa mgonjwa, kumgeuza na kuandika vipimo, na mzoefu akazunguka vitanda vyote. Hospitali ya Nightingale, iliyofunguliwa tarehe 3 Aprili katika ukumbi wa maonyesho wa ExCeL, London, ilitegemea mpango huo. Novemba 2020 kiwango kilikazwa hadi muuguzi 1 kwa wagonjwa 2, jambo linaloonyesha kwamba kile cha kwanza hakikuwa cha kudumu nacho.

Mbinu

Mbinu iliyozoeleka ni orodha ya stadi ambayo muuguzi hujijazia mwenyewe. Ni ya haraka, na ndiyo dhaifu kuliko zote: mwoga hujishusha, jasiri hujipandisha. Iliyo bora ni kumtazama akitenda, kisha mzoefu kutia saini stadi moja moja, lakini mzoefu mwenyewe ndiye aliyeadimika.

Nchi nyingine

Kumpa msaidizi kazi moja tu hakukuwa jambo jipya: mwaka 1952, katika mlipuko wa polio jijini Copenhagen, wanafunzi wapatao 1,500, wengi wao wa udaktari, walipokezana kuwapulizia wagonjwa hewa kwa mkono. California, yenye sheria ya idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, iliruhusu hospitali kuomba msamaha wa muda wakati wa UVIKO-19.

Afrika Mashariki

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya ajira za wauguzi. Wakenya wanaokwenda huko hutakiwa kufaulu OSCE, mtihani uleule ambao rejista ya muda haikuusubiri mwaka 2020.