Saini Yangu

Maji yakimwagika hayazoleki, na neno likishatoka kinywani halirudi. Ndiyo maana ninawastahi watu wa kwanza waliothubutu kuitia sauti yao ndani ya mashine.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Baadhi ya nyimbo zake zilisimulia mambo yaliyotokea kweli mitaani na mahakamani. Mwimbaji wa harusini huwaona wasikilizaji wake. Wakikunja nyuso, hubadili wimbo. Kwenye santuri hawaoni. Lazima amwamini mtu asiyemjua.

Mimi nilichelewa kuupata ujasiri huo. Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandaa azimio la kazi na kuandika vizuri ubaoni. Kukiri kosa hakikunifundisha. Mwaka 1988, nikiwa mkuu wa shule, nilimfukuza msichana wa kidato cha tatu kwa kuwa alikuwa mjamzito. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika shuleni wakati ule. Nilitia saini barua nikamkabidhi baba yake. Binti aliniuliza swali moja tu: je, vitabu vya shule avirudishe siku ileile? Nikamjibu, ndiyo.

Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatizwa masomo kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, enzi zenu ilikuwaje?" Nikamweleza kanuni. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwomba anirekodi kwa simu yake, nikasimulia yote, hata habari ya vitabu. Jina la binti sikulitaja, wala kwao. Maisha yake ni yake kuyasimulia. Yangu ni ile saini.

"Nitume kwa wanafunzi wako wa zamani?" mjukuu akauliza. Mkono ulinitetemeka kama wa mtahiniwa. Nikamwambia, tuma.

Wapo walionilaumu kwa kumfukuza, na wapo walionilaumu kwa kusema. Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia simu, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye alitia saini barua tatu.

Binti yule sijamsikia. Huenda sauti yangu imemfikia, naye hakutaka kujibu. Hanidai wala simdai jibu. Ila vile vitabu, ningalimwachia.