Loitokitok: Njia Zilizotangulia Mpaka

Wanaoupanda Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini siku hizi huambiwa wanapita njia ya Rongai. Vibao vya hifadhi husema Nalemoru, jina la kijiji inapoanzia, kwenye mwinuko wa mita 1,950 hivi. Njia ya Rongai yenyewe, iliyoanzia kwingine, ilifungwa zamani, na jina lake likahamishiwa njia jirani ambayo wapanda mlima wa kale waliijua kwa jina la Loitokitok. Mji wenyewe haukuhama. Uko palepale kusini kabisa mwa Kaunti ya Kajiado, upande wa Kenya, mlima ukiwa umeuinamia kiasi kwamba mgeni hudhani akinywa chai haraka ataufikia kabla ya adhuhuri.

Huwezi kumlaumu kwa kudhani hivyo. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukakata kulia pale Emali na kupita Kimana, mlima hukua kila kilomita. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, Kibo huwa kulia na theluji yake iliyokwisha kupungua, Mawenzi kushoto na meno yake meusi, na katikati uwanda mkavu unaoviunganisha vilele hivyo viwili. Kutoka Moshi huoni hivi. Mawenzi huko hukaa pembeni. Wakenya wengi huamini kwamba mandhari bora ya Kilimanjaro ni yetu na mlima ni wa Watanzania, nami sioni cha kubishana hapo. Ninachobishana nacho ni ile habari inayosimuliwa kila mahali, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani yaliyochora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria yalifungwa mwaka 1886. Wilhelm alikalia kiti cha ufalme mwaka 1888. Mstari ulipindishwa kwa sababu za biashara na mikataba ambayo mawakala wa Kijerumani walidai kuipata Uchagani, ukazunguka mguu wa kaskazini wa mlima na kuiacha Taveta kwa Waingereza.

Kabla ya mstari huo, ardhi hii ilikuwa na njia zake. Wamaasai wa Ilkisongo walipeleka ng'ombe kwenye nyanda za wazi wakati wa mvua, na kiangazi kilipobana wakapanda nao kuelekea ukingo wa msitu, ambako chemchemi hazikauki. Maji ya mlima hupenya kwenye miamba ya volkano na kuibuka tambarare, ndiyo maana kuna vinamasi vya kijani katikati ya nchi kavu hivi. Chemchemi ya Nolturesh, isiyo mbali na mji, ina maji mengi kiasi kwamba serikali ilitandaza bomba la kuyapeleka mpaka pande za Machakos na Athi River. Njia za ng'ombe zilifuata maji hayohayo, ila ziliyafuata kwa kupanda. Njia za wanawake zilikwenda sambamba na mlima: ngozi, maziwa na magadi yakienda Uchagani, ndizi na maharagwe yakirudi.

Misafara ya pwani ilifuata baadaye, na haikuvumbua kitu. Ilikodi watu wanaojua. Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Chama cha Jiografia cha London, alijaribu kuingia Umaasaini mwaka 1883 akashindwa, akarudi Taveta, kisha akazunguka mlima kwa upande wa kaskazini akiwa ameungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Vitabu vya shule humtaja Thomson. Kimameta ndiye aliyekuwa ameipita nchi hiyo kabla yake. Mwaka 1887 mkabaila Teleki wa Hungaria na mwenzake von Höhnel walipitia pande hizihizi, baada ya Teleki kupanda Kibo na kuishia njiani. Waliobeba mizigo walikuwa wapagazi wa Zanzibar na Mrima, kila mmoja na frasila mbili hivi kichwani au begani, yaani kilo thelathini na kitu. Leo kanuni za Kilimanjaro zinataka mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mizani huwekwa langoni kwa ajili hiyo. Kati ya wasafiri wa karne ya 19 na watalii wa sasa, tofauti kubwa ninayoiona ni hiyo mizani.

Kusini mashariki mwa Loitokitok, ukiifuata barabara ya Illasit na Njukini kuelekea Taveta, kuna Ziwa Chala. Hulioni mpaka uwe umelifikia. Unatembea kwenye nyika ya miiba, unapanda mteremko mdogo usiotishia mtu, kisha ghafla ardhi inakatika na chini yako kuna duara la maji ya buluu iliyokolea, limezungukwa na kuta za mawe. Ni kasoko ya volkano. Maji huingia chini kwa chini kutoka mlimani, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa bila alama yoyote majini. Mmisionari Charles New alilitaja mwaka 1871, mwaka uleule alipoufikia mstari wa theluji wa Kibo. Mwaka 1891 Mmarekani May French-Sheldon alishuka mpaka majini kupitia ukuta wa mawe, wapagazi wakamteremshia boti ya shaba, akalizunguka ziwa. Kuteremsha boti ya shaba mahali ambapo mtu mwenyewe anashika mizizi ili asiteleze ni kazi ambayo nadhani wapagazi wale waliisimulia kwa lugha tofauti na iliyotumika katika kitabu chake.

Matope ya chini ya ziwa hilo nayo ni kumbukumbu. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba sakafu yake na kutoa nguzo ya udongo yenye zaidi ya mita 200, inayohifadhi historia ya mvua na ukame wa Afrika Mashariki kwa takriban miaka 250,000. Kwa mtembeaji wa kawaida, Chala ni njia ya wastani: kuzunguka ukingo juu, kupiga hema upande wa Tanzania, na kushuka kwa uangalifu ukiwa na mwenyeji. Kuogelea ni jambo lingine. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba humo, baada ya miaka ambayo watu waliambizana kwamba Chala haina mamba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizigeuza njia hizi kuwa za doria. Wajerumani waliitwaa Taveta mwaka 1914, na vikundi vidogo vya askari vikatoka Kilimanjaro kwa miguu, vikikata nyika isiyo na maji, kwenda kulipua reli ya Uganda. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalivuka mto Lumi na kuvishika vilima vya Chala, na Wajerumani wakaanza kurudi nyuma. Tanganyika ikawa mikononi mwa Waingereza, na kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini mpaka wa Loitokitok ukawa mstari ambao mwenye miguu hakuwa na sababu kubwa ya kuuogopa.

Ni katika kipindi hicho ndipo mji ulipopata sifa yake ya kupanda mlima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilifunguliwa hapa shule ya milima ya Outward Bound, tawi la mfumo ulioanzishwa Wales mwaka 1941 na Mjerumani mkimbizi Kurt Hahn pamoja na mwenye meli Lawrence Holt. Hahn aliamini kwamba kijana hufunzwa tabia kwa taabu iliyopangwa: maji baridi, kamba, njaa kidogo, mlima. Kenya ilikuwa imeingia au inaingia katika hali ya hatari ya mwaka 1952. Katika nchi ambayo shule, hospitali na hoteli ziligawanywa kwa rangi, shule ya Loitokitok iliwalaza Waafrika, Wahindi na Wazungu katika makundi ya pamoja. Tusilitukuze jambo hili kupita kiasi. Waliopelekwa walichaguliwa na waajiri, shule na idara za serikali, na lengo lilikuwa kupata watumishi imara wa utaratibu uliokuwapo. Lakini kamba ikishafungwa viunoni, mwenye pumzi ndiye hutangulia, na mlima huo uliwaonyesha vijana wengi kwamba pumzi haigawanywi kwa rangi.

Kozi ilifikia kilele chake, kwa maana zote mbili, kwenye Kibo. Wanafunzi walitoka shuleni kwa miguu, wakavuka mpaka, wakapita msitu wenye mbega, kisha nyasi na vichaka, wakalala mapangoni. Lile Pango la Tatu lililo karibu na mita 3,900 bado ni kambi. Juu yake shule ilijenga kibanda chake, mita 4,700 na zaidi, ambacho ramani za leo bado hukiita Kibanda cha Shule ingawa wengi wanaokipita hawajui ni shule gani. Kutoka hapo huondokwa usiku wa manane. Sababu si kuwahi macheo tu, kama wasemavyo watangazaji wa utalii. Mteremko wa Kibo ni changarawe tupu. Usiku baridi huigandisha ikakubali kukanyagwa. Jua likishapanda hulegea, ukapiga hatua mbili na kurudi moja. Njia ya kibanda hiki huungana na ile inayotoka Marangu, kisha zote hupanda kwa kona kona hadi Gillman's Point, ukingoni mwa kasoko, palipopewa jina la Clement Gillman aliyefika mwaka 1921. Wengi huishia hapo. Kilele chenyewe, mita 5,895, kiliitwa Uhuru baada ya Luteni Alexander Nyirenda kupandisha mwenge na bendera usiku wa Desemba 9, 1961.

Kisha mlango ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Mwaka huohuo Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyotangazwa 1973, ilifunguliwa rasmi kwa wageni, yenye malango yake, ada zake na masharti yake. Malalamiko ya Tanzania yalikuwa na msingi: kampuni za Nairobi zilikuwa zikiwauzia watalii Kilimanjaro na kuwalaza Kenya. Hata hivyo aliyelipia zaidi hakuwa mwenye kampuni ya Nairobi. Alikuwa kiongozi wa wapandaji, mpagazi na muuza ndizi wa mpakani. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na kufikia hapo biashara ya mlima ilikuwa imehamia Marangu, Moshi na Arusha. Loitokitok ikabaki mji wa kupigia picha.

Leo mwenye kutaka kutembea pande hizi ana ngazi za kupanda kulingana na nguvu zake. Kwa mzee au mtoto kuna kilima cha Normatior ndani ya Amboseli, mahali pekee ndani ya hifadhi anaporuhusiwa kushuka garini na kutembea. Dakika chache za kupanda, na kinamasi chote na tembo wake kiko chini yako. Kwa mwenye siku moja kuna ukingo wa Chala. Kwa mwenye juma zima kuna Nalemoru, na hapo nina ushauri ambao wauzaji wa safari hawapendi kuutoa kwa sababu unaongeza siku. Usipande moja kwa moja kwa Pango la Tatu. Kata mashariki hadi Kikelewa, penye misenesio mirefu inayofanana na watu waliovaa makoti, kisha upande hadi kambi ya Mawenzi Tarn, mita 4,300 hivi.

Ni kambi ya kando ya ziwa, ingawa ziwa lenyewe ni dogo kiasi cha kurusha jiwe likalivuka. Kuta za Mawenzi zinasimama juu yake wima, na usiku mawe husikika yakiporomoka, kwa kuwa barafu inayopasua miamba haipumziki. Hemani maji ya chupa huganda. Mchana wapandaji hutembezwa juu kidogo ya kambi na kurudishwa kulala, mwili uzoee hewa nyepesi. Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyoitana huko, hushuka na ndoo kuteka maji, nao hucheka wakimwona mgeni aliyefika akihema kama aliyekimbia. Anayelala hapa siku mbili ana nafasi nzuri zaidi ya kuiona Uhuru kuliko aliyekimbilia Kibo siku ya tatu huku kichwa kikimgonga. Upande huu pia hupata mvua chache kuliko kusini, faida ambayo watu wa Loitokitok waliijua kabla ya kampuni yoyote kuiandika.

Kikwazo kilichobaki kimo katika kanuni. Anayepanda kwa Nalemoru huteremkia Marangu, upande wa pili wa mlima, na hapo ndipo hutolewa vyeti, wagumu hulipwa bakshishi na bia hununuliwa. Mkenya wa Loitokitok anayetaka kupanda mlima anaouona kutoka mlangoni kwake huvuka Illasit na Tarakea na hati zake mkononi, hulipa ada ya Mwafrika Mashariki, iliyo ndogo sana kuliko ya mgeni wa ng'ambo, hupanda siku tano au sita, na hurudi nyumbani kwa matatu kutoka Moshi kupitia Taveta au Tarakea. Siku ya soko, Jumanne, ndizi za Rombo huvuka mpaka huohuo kwa bodaboda, na zinafika Loitokitok kabla ya saa tatu asubuhi.