Shahada, Tumbaku na Posho: Hesabu ya Sayansi Shirikishi za Afya Ikifanyiwa Ipole

Anayeuliza shahada ipi ya sayansi shirikishi za afya inalipa, maabara, radiografia, fiziotherapia au famasia, huonyeshwa safu mbili: ada na mshahara. Ukiwa Ipole, kusini mwa mji wa Sikonge, safu hizo hazitoshi.

Tuanze na mshahara. Serikalini haulipwi kwa jina la fani. Unawekwa kwenye TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, na wapiga picha za mionzi wamo kwenye ngazi hizohizo na watu wa maabara. Kipato hutengana zaidi nje ya serikali. Famasi haifunguliwi bila mfamasia wa kuisimamia, hivyo mfamasia aweza kulipwa hata kwa usimamizi wa famasi ya mwingine, ingawa shahada yake ni miaka 4 na baada yake mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Mpiga picha yeye huifuata mashine ilipo, na zahanati ya kijiji haina mashine hiyo.

Gharama nayo ina kalenda. Fedha ya tumbaku huingia katikati ya mwaka. Vyuo vinafunguliwa kuanzia Oktoba. Kati ya hapo kuna misiba, kuna harusi, kuna mbolea ya msimu mpya. Mzazi anayesema "ada ipo" mwezi Julai hasemi uongo, ila Novemba anauza ndoo ya mwisho ya asali ya mizinga ya magome ili kijana apate nauli ya Mwanza, kusajiliwa chuo cha afya cha Bugando. Nauli hiyo haimo katika jedwali lolote la ada nililowahi kusoma.

Kisha deni. Tangu 2016 mnufaika wa Bodi ya Mikopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: katika kila shilingi 100,000, 15,000 haifiki mkononi. Hesabu ya safu nyingi si ngeni hapa: wapagazi wa Kinyamwezi waliopita nchi hii zamani na mizigo ya frasila mbili hivi hawakuhesabu ujira peke yake. Waliuliza na posho ya njiani, na wengi walipima safari kwa msimu wa kilimo, wawahi mvua nyumbani. Jedwali letu halina safu ya posho wala ya msimu. Halina hata safu ya miaka ya kungoja ajira, nayo ndiyo ghali kuliko zote, maana kijana anakula na halipwi.

Ndiyo maana, kwa mtoto wa Ipole, ningeanza na stashahada ya maabara. Nayo ina foleni yake ya ajira, sikatai. Lakini kituo cha afya kina nafasi ya mwenye stashahada, na akishaajiriwa aweza kuomba ruhusa ya masomo na kuifuata shahada akiwa na mshahara. Atachelewa kuvaa joho. Baba yake, hata hivyo, atakuwa ameshanunua mbolea.