Kabla ya tuisheni kulikuwa na Buigiri

Ukitaja tuisheni Dodoma leo, picha inayokuja ni chumba kilichojaa vijana wa kidato cha nne, mwalimu mmoja, ubao na rundo la pepa za miaka iliyopita. Mzazi amelipa mwanawe aangaliwe kwa karibu. Mara nyingi amenunua darasa jingine tu.

Mwalimu wa kukaa na mtoto mmoja mmoja ana historia ndefu zaidi Ugogo. Tumtafute Buigiri, kando ya barabara iendayo Morogoro, ambako Kanisa Anglikana lilifungua shule ya wasioona mwaka 1950, ya kwanza Tanganyika. Kenya walitangulia kidogo, Thika, mwaka 1946.

Buigiri hapakuwa na njia ya mkato. Ubao haumfai asiyeona, na nukta nundu, alizobuni Mfaransa Louis Braille akiwa kijana katika miaka ya 1820, husomwa kwa ncha za vidole. Mwalimu hushika kidole cha mtoto na kukipitisha juu ya nukta, herufi kwa herufi, mpaka kizoee.

Kuandika ndiko kwenye kazi. Kwa kibao na kalamu ya ncha ya chuma, mtoto hubonyeza nukta akitoka kulia kwenda kushoto, kisha hupindua karatasi ndipo asome. Kila herufi lazima aiandike kinyume. Akipitiwa, e inasomeka i, na d inageuka f. Kosa kama hilo hulisahihishi kwa kupaza sauti mbele ya darasa, unakaa naye. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, iliondoa adha hiyo, maana nukta huchomoza juu ya karatasi pale pale. Lakini ni nzito na ghali, kwa hiyo kibao hakijastaafu.

Baadaye wasioona walianza kusoma pamoja na wanaoona, na wakaja walimu wa kuzunguka, wanaomfuata mwanafunzi shuleni kwake. Sasa simu inasoma maandishi kwa sauti. Ni msaada mkubwa, ila sikio halimfundishi mtu tahajia kama kidole, na kwenye mtihani wa taifa karatasi ya nukta nundu bado inamsubiri.